Nyumba ya Mwinjilisti: Imani, Familia na Huduma katika Nyanda za Juu Kusini

Utumishi wa Kikristo katika Nyanda za Juu Kusini tangu mwanzo ulibebwa na nyumba nzima. Mwanamume ndiye aliyeitwa mwinjilisti, mchungaji au katekista, na ndiye aliyepokea posho. Lakini mke, watoto, shamba na jiko ndivyo vilivyoifanya kazi yake iwezekane. Eneo linalozungumziwa hapa ni mikoa ya Mbeya na Iringa ya zamani, kabla Njombe haijamegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Humo Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki wamejenga makanisa yenye umri wa zaidi ya miaka 100, na humo kila kizazi kimelazimika kujibu upya swali moja: mtu atawezaje kumtumikia Mungu kwa moyo wote bila kuwaacha watu wa nyumbani mwake wakiteseka?

Wamisionari walipofika walikuta watu wenye utaratibu wao wa familia, tena utaratibu mkali. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni, wakaanzisha kijiji chao wenyewe, na baadaye wakaoa na kuleta wake zao humo humo. Walikula kwa makundi, wakizunguka kwa mama wa huyu na wa yule. Mke wa mwana alimkwepa baba mkwe wake kabisa: hakumtazama usoni, hakutaja jina lake, na akimwona njiani alipita kando. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, kwa hiyo wazee waliongeza wake huku vijana wakingoja miaka. Ukinga nako, milimani mashariki ya Unyakyusa, vijana waliishi katika nyumba za wavulana na nyumba za wasichana, wakachelewa kuoa. Uhehe na Ubena hali ilikuwa nyingine, kwa sababu vita vilikuwa vimepita juu ya kaya. Mapigano ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Wajerumani, yaliyokwisha kwa kifo chake Julai 1898, yaliacha wajane na yatima wengi, na mtu asiye na mlinzi alikuwa hatarini.

Mwaka 1891 misioni mbili za Kijerumani zilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa karibu wakati mmoja. Wamoravian wa Herrnhut walikwenda upande wa magharibi na kufungua kituo cha Rungwe. Misioni ya Kilutheri ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilishika upande wa mashariki, na kwa miaka iliyofuata ikapanda kwenda Ukinga na Ubena, kwenye vituo kama Bulongwa, Tandala, Kidugala na Lupembe, hatimaye ikagusa Uhehe. Merensky alikuwa na umri wa miaka 54, mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi Afrika Kusini kwa muda mrefu. Wamoravian wanne wa kwanza walikuwa vijana, na mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka huo huo wa 1891, kabla kazi haijashika mizizi.

Maisha ya nyumbani ya wamisionari hao yalikuwa na sadaka ambayo wenyeji waliiona bila kuambiwa. Kwa kawaida kijana wa Kimoravian alitangulia peke yake. Mchumba alifuata baadaye, kwa idhini ya bodi ya misioni, na mara nyingine hao wawili walikuwa wamefahamiana kidogo tu. Watoto wao walipofika umri wa kwenda shule, yapata miaka 7, walipelekwa Ujerumani, kwenye shule ya watoto wa wamisionari huko Kleinwelka, Saksonia. Mzazi aliyebaki Rungwe au kituo cha Utengule angeweza kupitisha miaka mingi bila kumwona mwanawe. Watu waliokuja kufundisha kwamba baba, mama na watoto ni wa meza moja waliishi wakiwa wametengana na watoto wao. Hakuna sababu ya kuwacheka kwa hilo. Waliamini kwamba wito unadai hivyo, na maumivu yake yamejaa katika kumbukumbu walizoziacha. Ila ukweli ni kwamba mfano wa kwanza wa familia ya mtumishi uliowekwa mbele ya Wanyakyusa, Wasafwa na Wanyiha ulikuwa mfano wa familia iliyogawanyika kwa ajili ya kazi, na mfano huo ulirithiwa.

Waliowasikiliza mwanzoni hawakuwa wenye nguvu. Katika Rungwe, ubatizo wa kwanza, mwaka 1897, ulikuwa wa mwanamke aitwaye Fiabarema. Kwenye vituo vya Utengule na Mbozi walikusanyika watu waliovunjiwa kaya na vita na biashara ya watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Habari zao zimesalia kwa sababu ya Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari aliyeishi muda mrefu Utengule kwa Wasafwa. Aliketi na watu, akawasikiliza, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Kati yao wamo Narwimba, mjane aliyehangaika kutafuta mlinzi kwa ajili yake na wazao wake. Sichyajunga, aliyepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupata pa kutulia. Na Msatulwa Mwachitete, aliyetekwa utotoni, akatoroka, na baadaye akawa mwinjilisti. Mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha masimulizi hayo mbele ya wasomaji katika kitabu alichokitoa mwaka 1993. Anayeyasoma anatambua haraka kwamba kwa watu hawa kanisa lilikuwa kwanza mahali pa kuwa na ndugu. Imani na familia vilikuja pamoja, kwa sababu familia ya awali ilikuwa imepotea.

Jambo lililosumbua zaidi lilikuwa la wake wengi. Kanuni ya misioni nyingi za wakati ule ilikuwa moja: mwanamume mwenye wake wengi habatizwi mpaka abaki na mmoja, lakini mke wa mwanamume wa namna hiyo aweza kubatizwa, kwa maana hakujichagulia hali yake. Maaskofu wa Kianglikana duniani walikuwa wamepitisha msimamo unaofanana na huo katika mkutano wao wa Lambeth mwaka 1888. Kwenye karatasi kanuni ilionekana safi. Nyumbani kwa mtu iligeuka kisu. Mzee aliyetaka kubatizwa alipaswa kuwarudisha wake kwao. Mahari ya ng'ombe ingedaiwa, watoto wangegawanywa, na mwanamke aliyezeeka katika kaya ile angeondoka na mzigo wake kichwani bila kosa lolote. Mtu alitakiwa aanze maisha ya imani kwa kuwavunjia wengine maisha.

Traugott Bachmann, Mmoravian aliyefungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, ndiye aliyelitazama jambo hili kwa ujasiri kuliko wenzake. Alifika Afrika akiwa na msimamo ule ule wa wote. Miaka ya kuishi na Wanyiha, kujifunza lugha yao na kuona jinsi kaya zao zilivyosimama ilimbadilisha. Akafikia kuona kwamba kumlazimisha mwanamume kuwafukuza wake aliowaoa kwa desturi halali ni dhambi mpya inayopandwa juu ya hali ya zamani, akakubali kuwabatiza watu wa namna hiyo pamoja na kaya zao. Wenzake wengi hawakufurahi. Hata hivyo hoja yake ilikuwa na uzito, na makanisa mengine yalichukua muda mrefu sana kuifikia: Waanglikana walilegeza kanuni yao kwenye mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988, karne nzima baada ya ule wa mwaka 1888. Mbozi ilitangulia.

Kwingineko kanuni ilibaki, na matunda yake yakaonekana katika safu za ibada: wanawake walijaa, wazee wenye mali wakabaki nje. Tena yule aliyebatizwa kisha akaoa mke wa pili alitengwa. Kutengwa maana yake kutopokea meza ya Bwana, kutosimamia ubatizo, kutoshika kazi yoyote ya kanisa mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Kwa mwinjilisti adhabu hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwani alipoteza pamoja na kazi heshima yake yote kijijini. Miaka ya 1920 na 1930 makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe yalivuka mpaka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na kuingia Rungwe. Kanisa la Last Church of God and His Christ, lililoletwa na Ben Ngemela, na lile la African National Church yaliwapokea watu wenye wake wengi. Wengi walioingia humo walikuwa Wakristo waliosoma Biblia vizuri. Walitaka kubaki na Mungu na kubaki na watu wa nyumbani kwao, na makanisa ya zamani yalikuwa yamewaambia wachague.

Kazi yenyewe ya mwinjilisti ilikuwa ya miguu. Kituo kikuu kilizungukwa na vijiji vyenye shule ndogo, na katika kila shule aliwekwa mwalimu ambaye siku za wiki alifundisha watoto kusoma na Jumapili aliongoza ibada. Mtu mmoja alikuwa mwalimu, mhubiri, mwamuzi wa ugomvi wa ndoa na mzikaji. Alipewa nyumba au alijenga mwenyewe, akapewa kipande cha shamba. Posho ilikuwa ndogo mno kumlisha mtu, na misioni ilijua hivyo. Ilitegemea kwamba mke atalima.

Alfajiri mwanamke huyo aliamka kabla ya kengele. Aliwasha moto, akachota maji, akawapikia uji wanafunzi waliolala kwao kwa sababu vijiji vyao vilikuwa mbali. Kisha akaenda shambani, kwenye mahindi na maharage huko Ubena, au kwenye migomba huko Rungwe. Alasiri walikuja wanawake wa darasa la ubatizo. Aliwafundisha amri, nyimbo na kushona, mtoto wake akiwa mgongoni. Jioni angefika mgeni kutoka kituoni, au mwanamke aliyepigwa na mumewe akitafuta mahali pa kulala, na chungu kile kile kilitakiwa kitoshe. Mumewe alikuwa amekwenda kuzungukia mitaa ya mbali na angerudi siku ya tatu. Hakuna aliyemwita mwanamke huyu mtumishi wa kanisa. Kazi yake ilionekana ni sehemu ya kuolewa.

Nyumba hiyo pia ilikuwa somo linalotazamwa na kijiji kizima. Walipita watu wakichungulia kama kweli mume na mke wanakula pamoja, kama kweli baba anamshika mtoto mchanga, kama mama mkwe na baba mkwe wanaingia humo bila kukwepwa. Miaka ya 1934 hadi 1938, wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti wao Unyakyusa, na kutokana na kazi hiyo Monica akatoa kitabu Good Company mwaka 1951. Waliona Wakristo wakijenga karibu na makanisa na shule zao, wakifuata taratibu zao, na wakibishana kati yao ni desturi zipi zishikwe na zipi ziachwe. Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi kwa mke wa mwinjilisti. Yeye ndiye aliyetakiwa avunje mwiko wa kumkwepa baba mkwe, huku mama yake na shangazi zake wakisema amekosa adabu.

Mara mbili kazi hii ilijaribiwa kwa vita kabla haijatimiza miaka 30. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, sehemu ya Wabena chini ya mtawala wao Mbeyela ilijiunga na mapigano, na mwezi Septemba kituo cha Yakobi, alikokuwa mmisionari Paul Gröschel, kilishambuliwa, watu wakiwa wamekimbilia ndani. Jaribu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka kusini, wamisionari wa Kijerumani pamoja na wake na watoto wao wakakamatwa na kuondolewa. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Misioni ya Waskoti yenye makao Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, ilisaidia kusimamia, lakini watu wake walikuwa wachache na eneo lilikuwa kubwa.

Kwa karibu miaka 10 ibada, shule na mazishi vilikuwa mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Posho zilikatika. Wengi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya majeshi; njaa na homa kali ya mwaka 1918 na 1919 zikafuata. Mwalimu asiyelipwa angeweza kuacha, na wapo walioacha, maana watoto walipaswa kula. Waliobaki waliweza kubaki kwa sababu shamba la nyumbani liliendelea kulimwa. Wajerumani waliporudi walikuta sharika zikiwa hai, na mahali pengine zimeongezeka. Historia zilizoandikwa husifu, kwa haki, uaminifu wa wainjilisti wale. Haki ingetimia zaidi kama zingesema pia kwamba kanisa la miaka ile lililishwa kwa jembe la wanawake.

Kati ya vita viwili vya dunia pesa iliingia katika jambo hili kwa nguvu mpya. Dhahabu ya Lupa, Chunya, iliwavuta maelfu ya vijana. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya harakati hizo. Wengine walikwenda migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini. Kaya nyingi zikabaki na mama na watoto, na mwinjilisti akajikuta akishughulikia ndoa za watu wasioonana mwaka mzima. Yeye mwenyewe alishawishika. Kijana aliyesoma naye darasa moja alirudi kutoka migodini na baiskeli na mabati. Yeye alikuwa bado na posho ile ile. Kahawa iliyoanza kupandwa Rungwe na Mbozi iliwaokoa wengi, kwa sababu mwinjilisti mwenye kahawa aliweza kulipa ada bila kuiacha huduma. Wakati huo huo serikali ya Kiingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizotimiza masharti. Mwalimu mwenye cheti alilipwa vizuri kidogo; mwinjilisti wa shule ya kijijini hakulipwa. Hapo ndipo ualimu na uinjilisti, vilivyokuwa kazi ya mtu mmoja, vilipoanza kuachana.

Vita ya Pili iliwaondoa tena Wajerumani. Safari hii Wamoravian wa Uingereza na Walutheri wa Sweden na Marekani walishika nafasi, na wachungaji wenyeji walikuwa wameshaanza kupata daraja. Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, likiwamo lile la kusini, yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kwa upande wa Wamoravian, Teofilo Kisanji, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu cha kanisa hilo jijini Mbeya, alibarikiwa kuwa askofu mwaka 1966. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misioni chini ya serikali. Kwa taifa lilikuwa jambo jema, kwani watoto wa dini zote walipata nafasi sawa. Kwa kaya ya mwinjilisti ilikuwa pigo, maana njia ya mwisho ya kupata mshahara wa ualimu huku ukihubiri ilifungwa. Kuanzia hapo mtumishi alitegemea sadaka za usharika wake.

Sadaka hiyo katika Nyanda za Juu kwa sehemu kubwa ni mazao. Ibada ikiisha watu hutoka nje na mnada huanza: mzee wa kanisa huinua jogoo kwa mabawa, mkungu wa ndizi huwekwa juu ya meza, debe la viazi, mayai kwenye bakuli, na bei hupandishwa kwa vicheko mpaka anunue mtu. Mwezi wa mavuno kikapu hujaa. Januari na Februari, mahindi yakiwa bado shambani na ada zikidaiwa, huwa chepesi, na nyumba ya mchungaji huyaona majira hayo mezani mwake kabla ya nyumba nyingine. Hapo tena shamba la mke, kuku wake na cherehani yake huwa ndiyo akiba.

Wakatoliki walilijibu swali la familia kwa njia nyingine. Wabenediktini walianzisha misheni ya Tosamaganga karibu na Iringa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kuanzia mwaka 1919 Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walichukua kazi hiyo. Padri hakuoa, hivyo mzigo wa kuwa mfano wa familia ulimwangukia katekista, mtu mwenye mke na watoto aliyeongoza sala kijijini pale padri alipofika mara chache kwa mwaka. Maisha yake yalifanana mno na ya mwinjilisti wa Kilutheri wa kijiji cha jirani, hata katika umaskini. Kwa wazazi, wito wa upadri au usista ulikuwa jaribu la pekee katika jamii ambayo mtu asiye na wajukuu huonekana amekatika. Ilimbidi baba akubali kutopokea mahari ya binti yake aliyekwenda kwa Masista Wateresina, Tosamaganga, na wapo mabinti walioingia utawa baada ya kukataa kuolewa na mwanamume waliyechaguliwa. James Sangu alipowekwa kuwa askofu wa Mbeya mwaka 1966, akiwa Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, familia nyingi zilianza kuuona wito kama heshima ya ukoo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa nguvu ya nchi ile kanuni ya zamani ya misioni: ndoa iliyofungwa kanisani kati ya Wakristo wawili haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki katika imani hiyo. Mambo mengine hayakuhitaji sheria. Uhamisho, kwa mfano, ulibaki mikononi mwa viongozi wa kanisa, na mchungaji aliyehamishwa katikati ya mwaka alibeba watoto kutoka shule moja kwenda nyingine, mke akiacha shamba alilolipanda bila kulivuna.

Kisha ukaja UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha maambukizi ya karibu asilimia 16 ya watu wazima katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, na karibu asilimia 9 Mbeya, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa chini ya asilimia 6. Takwimu hizo kwa mchungaji wa kijijini zilikuwa majeneza. Alizika wiki kwa wiki, mara nyingine vijana aliowafungisha ndoa yeye mwenyewe, na mkewe aliwakusanya yatima jikoni mwake mpaka ndugu wapatikane. Wengine hawakupatikana, na wakakulia hapo. Makanisa yalifungua vituo vya yatima na huduma za wagonjwa majumbani. Uhusiano wa Walutheri wa Iringa na wenzao wa Saint Paul, Minnesota, ulioanza mwaka 1987 na kujulikana kwa jina la Bega kwa Bega, ulisaidia ada za wanafunzi wengi.

Nafasi ya mwanamke ndani ya huduma ilibadilika polepole. KKKT iliamua mwaka 1990 kuruhusu wanawake kupewa daraja la uchungaji, na dayosisi zikalitekeleza kwa mwendo tofauti. Mchungaji mwanamke aliyeolewa alileta swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa miaka 100: je, akihamishwa, mumewe amfuate? Upande wa Wapentekoste, ambao mizizi yao Mbeya inarudi kwa Mmarekani Paul Derr aliyefika mwaka 1927, mke alipata sura nyingine. Katika makanisa yaliyoongezeka sana mijini tangu miaka ya 1990, mama mchungaji husimama madhabahuni, hufundisha na mara nyingi hushika hazina. Mume na mke wanaohudumu pamoja, kama Christopher na Diana Mwakasege wa Huduma ya Mana yenye makao Arusha, wamekuwa mfano unaofuatwa na wengi. Ni hatua mbele, kwa kuwa kazi ya mke sasa inatajwa. Lakini mikesha, semina na safari za injili sasa zinawachukua wazazi wote wawili, na watoto hulelewa na dada wa kazi au bibi.

Lipo jambo moja ambalo makanisa yote ya Nyanda za Juu bado hayajalimaliza. Nyumba ya mchungaji ni mali ya kanisa. Mtumishi akistaafu au akifa, familia huhama, na mjane aliyelisha wageni wa usharika kwa miaka 30 huondoka akiwa hana nyumba wala pensheni kwa jina lake, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuwa mwajiriwa. Zipo sharika zinazowachangia wastaafu kujenga, na wachungaji vijana siku hizi huhimizwa wanunue kiwanja mapema. Lakini hiyo ni huruma ya usharika na busara ya mtu binafsi, wala si haki. Sinodi na halmashauri zinazokutana Rungwe, Mbeya, Iringa na Njombe zina uwezo wa kuandika katika katiba zao kwamba mke au mume wa mtumishi ana fungu lake katika mafao, na kwamba hawezi kutolewa katika nyumba ya kanisa kabla hajapata pa kukaa. Ziandike.